Foleni ya Mawe

Makorora, Tanga
4 Machi, 1984

Dada Sabiha,

Assalaam aleikum. Sisi hapa wazima, ukiondoa goti la Mama ambalo huanza kuuma kabla mawingu hayajakusanyika, na siku hizi linasema kweli kuliko redio. Baba anakusalimu, mtoto wa marehemu kaka yake. Bibi wa Moa alikuja juzi na mkungu wa ndizi. Nilipomwambia kwamba kazi yako huko Unguja ni kuonekana ndani ya televisheni, aliuliza wanakupa chakula saa ngapi na kinapitishiwa wapi.

Televisheni ndiyo iliyonishikisha kalamu. Jirani yetu mzee Kristofa, yule aliyekuwa mnyapara wa shamba la mkonge, ameletewa moja na mwanawe wa Mombasa. Amefunga antena juu ya mlingoti wa mianzi mrefu kuliko nyumba yake mara mbili. Hewa ikiwa nzuri tunawapata ninyi, ikiwa mbaya tunapata Mombasa, ikiwa mbaya zaidi tunatazama mchanga unaochemka, na hata huo watu wanautazama. Jana jioni tuliwapata ninyi. Nilikuona, dada. Umevaa miwani. Uliwaambia watoto wawili wafumbe macho, wafumbue, kisha wakutajie ulichouliza kati ya vitu ishirini ulivyokuwa umevipanga mezani na kuvifunika. Mmoja wao alipokuwa bado anajikuna kichwa kwenye cha nane, nyuma yangu mkekani Rahila alikuwa ameshavitaja vyote, kwa sauti ya mtu anayehesabu kuku wake.

Unamkumbuka Rahila, mdogo wangu. Ulipoondoka alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sasa ana miaka kumi, na mtaani hapa ana cheo. Nikueleze. Ikisikika kwamba duka la ushirika litaletewa sukari au unga, foleni hupangwa alfajiri, lakini hawapangi watu. Yanapangwa mawe. Kila nyumba ina lake. Letu ni bapa, lina doa la chokaa. Asiye na jiwe huweka kopo bovu, kandambili, hata kifuu. Watu huenda zao makazini. Mlango ukifunguliwa ndipo vita, kila mtu anadai la kwake lilikuwa mbele. Hapo anaitwa Rahila. Anasimama mwanzo wa foleni na kutaja: jiwe la Bi Mwanakhamis, kopo la mzee Kristofa, kandambili ya mama Brightness, mpaka mwisho. Hakuna anayebisha. Wiki iliyopita bwana mmoja alilisogeza lake mbele kidogo. Rahila alilirudisha bila hata kumtazama usoni.

Mtoto huyuhuyu shuleni anaitwa mzito. Yuko darasa la nne na hajui kusoma. Hakuna aliyejua, kwa sababu ukurasa ukisomwa mara moja mbele yake anaushika wote, na zamu yake ikifika anausoma vizuri kuliko wenzake. Aliumbuka mwezi uliopita, aliposoma hadithi nzima bila kosa huku kitabu kikiwa juu chini. Mwalimu mkuu, Mwalimu Eliudi, alimwita Baba, na Baba alirudi na uamuzi: shule ikifungwa Desemba, Rahila anahamia Moa kwa Bibi, akamsaidie shambani na jikoni. Wewe unawajua shangazi zetu waliohamia Moa namna hiyo. Hawakurudi ila kwenye misiba.

Nilimsihi. Akanijibu: "Siku nitakayomwona huyu ndani ya sanduku la Kristofa, kwa macho yangu, anajibu maswali ya wenye akili, nitajua nimekosea." Alisema vile mtu anavyosema siku mbuzi atakapopanda mnazi. Mimi nimeichukua kuwa ahadi.

Ukikataa, usijibu haraka. Ukikubali, jibu upesi.

Mdogo wako,
Nasima

Mama anasema nisikuambie kwamba tunafulia majani ya mpapai. Basi sikukuambia.


Kikwajuni, Unguja
9 Aprili, 1984

Mdogo wangu Nasima,

Waaleikum salaam. Barua yako imetalii. Kwa mihuri niliyoiona ilipita Dar es Salaam na kukaa huko kama mgeni aliyependa chakula. Mie mzima, nyumba ninayopanga inavuja upande mmoja tu. Mwambie Bibi ninakula saa saba, na huwa nimeshatoka ndani ya sanduku. Miwani si ya macho. Nimevalishwa ili nionekane mkubwa kuliko watoto, maana mmoja aliwahi kuniambia mbele ya kamera nitulie.

Kipindi chetu kinaitwa Fumba Fumbua. Duru ya kwanza ndiyo uliyoiona, vitu ishirini. Ya pili watoto wanafumba macho, sisi tunabadilisha jambo moja mezani, wanafumbua na kutuambia lipi. Ya tatu ni maswali ya kufikiri. Hakuna pa kusoma hata herufi. Nilimsimulia mkubwa wangu habari ya foleni ya mawe, akacheka mpaka akavua miwani yake, nayo ni ya kweli. Siku nyingi alikuwa akitaka mtoto wa kutoka ng'ambo. Amesema Julai.

Lakini sikiliza. Kwetu kuna kengele. Mtoto anaulizwa cha saba kilikuwa nini, anajibu hapohapo, basi. Mzoeshe haraka.

Sabuni hapa nayo inatajwa kama jamaa aliyesafiri. Uliyoiona mezani ni moja, ya kopo la kijani... hapana, karatasi ya kijani, ya kunukia, ndiyo hiyohiyo kila wiki. Tukimaliza kurekodi inafungiwa kabatini. Mwenye ufunguo ni fundi wa taa, anaitwa Idarusi. Ni mtu mwaminifu. Sina la zaidi la kusema juu yake.

Na wewe je? Umenijazia kurasa na humo ndani hukujitaja ila kwenye sahihi.

Dada yako,
Sabiha


Makorora, Tanga
13 Mei, 1984

Dada Sabiha,

Salamu zetu zikufikie kabla mvua hazijaifikia barabara. Goti la Mama limepumzika. Baba amepata baiskeli ya kuazima na anaiendesha kama ameazimwa gari.

Nimekuwa nikiamka na furaha ambayo siijui nifanye nayo nini. Ninakwenda kazini maktabani nikitembea haraka bila kuchelewa. Ninaporudi, Rahila amekwisha panga meza. Tatizo la kwanza lilikuwa kupata vitu ishirini tofauti. Jaribu, dada. Nyumba yetu ina vitu vingi lakini vinafanana: makopo, vifuniko vya makopo, na makopo yasiyo na vifuniko. Nilizunguka mtaa mzima nikiomba. Mzee Kristofa alinipa jino la nguruwe mwitu na filimbi yake ya unyapara. Mama Brightness alinipa msalaba wa shaba, kisha akafikiri, akaurudisha, akanipa kijiko. Betri nilipata, imekufa. Sabuni tulichonga ya mti.

Tatizo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Vitu vyote anavikumbuka. Nikimuuliza cha saba, anakataa.

"Si zamu yake," ananiambia.

Nikasema Rahila, huu ni mchezo, nitajie cha saba tu. Akasema atakifikia. Akaanza na cha kwanza. Nikamwambia kengele italia. Akaniuliza kengele ni ya nani na iko nafasi ya ngapi. Nilikasirika, nikaenda uani, nikasimama pale nikijiuliza ni nini hasa kinachonikasirisha. Mwaka mzima na nusu tumemsimamisha mtoto huyu mbele ya watu wazima, na sifa yake yote ni kwamba hamruhusu mtu kuruka. Bwana wa shirika fulani alikuja na gari, akamwomba kwa peremende. Hakuruka. Leo mimi dada yake namwambia ruka, kuna kengele. Nilirudi ndani nikamwambia basi, ataje anavyotaja, ila aseme upesi. Sasa anasema upesi kiasi kwamba Baba, aliyekuwa akipita dirishani, aliuliza ni sura gani hiyo.

Siwezi kumleta mwenyewe, maktaba hawakunipa likizo. Bi Mwanakhamis wa nyumba ya tatu ana arusi ya mpwawe huko kwenu Julai, atamchukua. Baba ametoa ruhusa ya arusi. Ya televisheni hakuitoa wala hakuizuia; alisema "mtajua wenyewe" na kupanda baiskeli.

Mdogo wako,
Nasima


Kikwajuni, Unguja
18 Juni, 1984

Nasima mpenzi,

Nawasalimu wote, kwa haraka, gari la kituo linaningoja nje na dereva wake ni mtu wa kupiga honi.

Rahila amewekwa kwenye orodha. Atashindana na Shaib, mtoto wa hapa mjini ambaye hajashindwa tangu Januari na ameanza kutembea mikono nyuma. Karatasi zake za safari nimeshazishughulikia. Kuna sharti moja: aliyeshiriki hasemi yaliyotokea mpaka kipindi kionyeshwe. Hasemi kwa rafiki, hasemi kwa mzazi. Mimi nimeshatia sahihi, naye ataahidi.

Filimbi ya mnyapara ilete, mkubwa wangu anaitaka mezani.

Hujanijibu: wewe je?

Sabiha


Makorora, Tanga
5 Agosti, 1984

Dada Sabiha,

Amerudi salama, ahsante, mzima, kanenepa. Mama anakuombea dua kila sala. Baba alimpokea stendi mwenyewe na kumpakia baiskeli, jambo ambalo sijaliona tangu mimi nilipokuwa mtoto.

Sasa naomba uniambie umemfanya nini.

Hasemi. Sijapata kuona mtoto akikaa kimya namna hii. Nilimuuliza kwa upole, akasema ameahidi. Nilimuuliza kwa hila, nikisema eti nimesikia alishinda. Akanitazama kama yule bwana aliyesogeza jiwe. Nilimwomba Baba amuulize, Baba akasema mtoto aliyeahidi asivunjishwe ahadi, na kwa jinsi alivyosema niliona amependezwa na hakutaka nione.

Kwa Bi Mwanakhamis sikupata kitu. Arusi anaisimulia kuanzia pilau hadi rangi ya soksi za bwana harusi. Kuhusu studio anasema kilikuwa chumba cha baridi ya ajabu, akajifunika buibui lake vizuri, na alipoamka watu wote walikuwa wanacheka na mwanamume mmoja yuko juu ya ngazi anashuka. Hakuuliza wanacheka nini kwa kuwa aliona aibu kusema alilala.

Kuna jambo jingine. Rahila ananukia. Tunalala kitanda kimoja, dada, najua tunavyonuka sote: moshi na mpapai. Mto wake una harufu ya waridi. Nimepekua, sikuona kitu. Ananitazama nikipekua, anatabasamu.

Alishinda? Andika neno moja tu. Andika "naam" au chora ua.

Desemba inakaribia, na Bibi ameshatuma salamu kwamba kitanda kiko tayari.

Nasima


Kikwajuni, Unguja
27 Agosti, 1984

Mdogo wangu,

Huku wazima, paa sasa linavuja pande mbili. Nakuchorea kuku, nimechora kwa uangalifu. Hana maana yoyote.

Kipindi kitaonyeshwa Jumamosi ya tarehe 22 Septemba, saa kumi na mbili kasoro robo. Mwombe mzee Kristofa aikaze antena. Mweke Baba mdogo mbele.

Kuna sehemu niliomba ikatwe. Nilimwomba mkubwa wangu kwa heshima, kisha bila heshima. Akasema kanda zenyewe haba, kurekodi upya hatuwezi, na kukata hataki, kwa sababu tangu aajiriwe hajapata kitu kama hicho. Basi mtakiona. Mkikiona, msiniandikie habari zake.

Kila mtu anauliza habari za kila mtu. Mimi nakuuliza zako, ya tatu hii.

Sabiha


Makorora, Tanga
23 Septemba, 1984

Dada Sabiha,

Salamu zote zimo, nitakuandikia mara nyingine. Sikiliza yaliyotupata.

Saa kumi na moja kwa Kristofa palikuwa hapatoshi kuweka mguu. Watoto wamekaa mpaka chini ya meza. Kristofa mwenyewe alikuwa juu ya paa ameshika mianzi, na mtu mlangoni anampigia kelele kushoto, kulia, hapohapo mzee, usipumue. Baba alikuja na kiti chake kutoka nyumbani. Alikiweka nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyepita tu.

Tukakuona. Kisha tukamwona Rahila. Alikuwa mdogo kuliko alivyo, dada, amevaa gauni la Idi, miguu haigusi chini. Chumba kizima kilivuta pumzi mara moja. Baba alisogeza kiti. Mkainua kitambaa, mkakirudisha. Ukamgeukia, ukasema: "Rahila wa Tanga, kitu cha saba kilikuwa nini?" Rahila akafungua mdomo.

Umeme ukakatika.

Si kwa Kristofa tu. Makorora yote, na wanasema mpaka Raskazone. Kristofa akashuka, mikono myeusi, akauliza amesema nini, na hapakuwa na wa kumjibu. Nilikaa nikitazama kile kioo cheusi, nikijiona mwenyewe ndani yake. Baba aliinuka. Alichukua kiti chake. Hakuwa na hasira, ndiyo iliyoniuma, alikuwa na huzuni.

"Sikumwona akijibu," akasema.

Hapo Rahila, aliyekuwa mkekani miguuni pangu, akasimama mbele ya televisheni, jua bado linaingia dirishani. Alimgeukia Baba. "Nilisema si zamu yake," akamwambia. "Dada Sabiha akasema hapana mwanangu, taja cha saba tu. Nikasema nitakifikia."

Na akaendelea. Dada, alikitoa kipindi chote. Alikuwa wewe, na kule kushika miwani kwako. Alikuwa Shaib, mikono nyuma. Alivitaja vitu kuanzia cha kwanza kama alivyovitaja huko, na alipofika cha sita akapiga kengele kwa mdomo, akasema: "Duru ya kwanza nikashindwa." Bila kusikitika, kama anaeleza mvua. Akafumba macho. Akafumbua. Alituonyesha kwa vidole mahali ambapo kopo la kifuniko cha buluu, lililokuwa mkia wa foleni, lilikuwa limekuja kukaa la tatu. Akalikamata hewani, akalipeleka mwisho, akaliambia: "Rudi kwenu." Mama Brightness alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Kristofa alikuwa amekaa sakafuni kwake mwenyewe.

Kisha akasema sabuni haipo. Akawa wewe: "Hiyo hatukuigusa, mwanangu." Akawa yeye: "Ilikuwa kati ya betri na filimbi. Nafasi yake ipo, yenyewe haipo." Na mtu wa taa akashuka ngazi, na kutia mkono mfukoni, na kusema.

Alichosema, Rahila alikisema chote. Nami sikiandiki, kwa sababu hii. Alipomaliza, Kristofa alipiga makofi, lakini akasema, bila ubaya, kwamba mtoto huyu amejitungia, hakuna mtu mzima atakayesema maneno kama hayo mbele ya kamera. Watu wakaanza kubishana. Baba alisimama kati ya chumba na kiti chake mkononi. Akaniambia: "Mwandikie Sabiha. Aandike yeye mwenyewe kilichosemwa kuanzia sabuni. Usimwambie alichosema huyu. Yakilingana, nimemwona."

Najua uliniambia nisikuandikie habari ya sehemu hiyo. Naandika. Dada, aibu yako naijua, nimeisikia kwa sauti yako mwenyewe kutoka kinywa cha mtoto. Lakini Bibi anakuja mwisho wa Novemba kumchukua.

Nasima


Kikwajuni, Unguja
15 Oktoba, 1984

Nasima,

Nimeanza barua hii mara nne. Wape salamu wote, na Baba mdogo asome akiwa ameketi.

Kuanzia sabuni. Rahila aliposema nafasi ipo yenyewe haipo, mimi niliinama nikaitafuta chini ya meza. Idarusi akashuka ngazi. Akaitoa mfukoni. Akasema: "Samahani, bibi mtangazaji. Sikuiba, niliitunza. Mama yako mdogo wa Tanga anafulia majani ya mpapai, ulisema mwenyewe juzi kwenye chai, ukawa na huzuni, na mimi huzuni yako siiwezi." Kamera mbili zinazunguka. Nikasema: "Idarusi, irudishe mezani." Akaenda kuirudisha kati ya betri na filimbi. Rahila akamzuia kwa mkono. Akamwambia: "Mwisho, mjomba. Ukitoka foleni umepoteza nafasi." Na mtu mzima yule, fundi wa daraja la pili, akaiweka nyuma ya kopo la buluu na kusema: "Haya, mwalimu."

Ndivyo ilivyokuwa. Duru ya tatu Shaib alishinda, kwa haki. Lakini mkubwa wangu aliagiza sabuni apewe Rahila, kwa kuwa ndiye aliyeigundua. Hamkunitajia. Hakuwapa?

Tangu kipindi kionyeshwe siwezi kupita Darajani. Wauza ndizi wananiambia huzuni yangu hawaiwezi.

Hukuniuliza habari za Idarusi, nami sikusema. Basi nakujibu ambacho hukuuliza: ameniomba anwani ya Baba mdogo, kwa kuwa marehemu baba hayupo wa kuandikiwa. Nimempa.

Sabiha


Makorora, Tanga
18 Novemba, 1984

Dada Sabiha,

Tuko wazima mno. Goti la Mama, pua ya Baba iliyokuwa na mafua, mzee Kristofa, antena yake, wote wazima. Nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini na kalamu inanitoroka.

Barua yako ilifika Alhamisi. Baba hakuniruhusu kuifungua mpaka Kristofa na mama Brightness waitwe. Aliketi, kama ulivyotaka. Akaamuru Rahila akae uani nyuma ya mlango, asione karatasi. Nikaanza: "Samahani, bibi mtangazaji." Kutoka uani ikaja: "Sikuiba, niliitunza." Nilikuwa bado sijafika hapo. Nikaacha kusoma kwa sauti. Sauti ikaendelea yenyewe, mpapai, chai, huzuni, na mimi nafuata kwa kidole kwenye mwandiko wako, neno kwa neno, yeye yuko mbele yangu kama mtoto anayekimbia na wewe umebeba mzigo. Ilipofika kwenye kumwambia mtu mzima akae mwisho, Baba alikwisha inama. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, dada. Baba, Massoud huyuhuyu, anapiga goti la Kristofa kwa kiganja.

Kristofa akasema: "Nafuta maneno yangu."

Rahila akaingia. Akauliza kama sasa yameshasemwa na wewe mwenyewe. Nikamwambia yamesemwa. Akafungua fundo la upindo wa gauni lake la Idi, lile analolikunja na kulilalia kichwani, akatoa sabuni. Karatasi ya kijani haijachanwa hata pembe. Tangu Julai, dada, katika nyumba inayofulia majani, kwa sababu sabuni ingekuwa sawa na kusimulia. Mama aliishika muda mrefu. Kisha akatia maji ndoo na kufua kanzu ya Baba.

Utaona ajabu: wiki hizi maduka ya Ngamiani yameanza kupendeza. Sabuni za kila rangi, zimeingia kwa mpaka wa Horohoro, wenye fedha zao wameruhusiwa kuleta. Bei yake inatosha kukufukuza mlangoni bila msaada wa foleni. Mbele ya duka la ushirika mawe yamebaki yamekaa tu, hakuna anayeyaulizia. Nilidhani Rahila atasikitika. Ameyaleta nyumbani kwa toroli la Kristofa. Nimeandika herufi kwa chokaa juu yake, moja kila jiwe, nikazipanga uani zikawa neno sabuni. Nikamwambia hii ndiyo foleni, kila mmoja na nafasi yake. Alipogeuka nikabadilisha mawili. Aliporudi akaning'ang'ania mkono: huyu kamruka mwenziwe. Tumeshapanga majina ya nyumba sita. Miaka minne alikuwa akiombwa asome, na hakuna aliyemwambia kwamba maneno ni watu wanaongoja zamu.

Sasa mwisho. Ijumaa Baba aliamka mapema, akavaa kanzu inayonukia waridi, akachukua jiwe letu lenye doa la chokaa, akatoka. Umeniuliza mara tatu, wewe je. Mimi nilimfuata. Nilijificha nyuma ya ukuta wa jiko la shule, ushungi mdomoni, ndiyo habari yangu, sina nyingine iliyo tamu kuliko hiyo.

Baba aliliweka jiwe mbele ya mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, akasimama kando yake. Uwanja mtupu, hata kengele bado. Mwalimu Eliudi alikuja na baiskeli, akashuka, akalitazama jiwe, akamtazama Baba, akatazama nyuma ya Baba.

"Mzee Massoud, hii foleni ya nini?"

"Ya mtoto kubaki shule."

"Mbona uko peke yako?"

"Basi mimi ndiye wa kwanza."

Waliingia. Walipotoka, Rahila anarudia darasa la nne, na Bibi ameandikiwa aje na ndizi lakini arudi mwenyewe. Baba hakulichukua jiwe. Njiani nilimkimbilia, nikamuuliza kwa nini ameliacha pale mlangoni. Hakushangaa kuniona.

"Liache," akasema. "Wakibishana ni la nani, Rahila yupo."

Barua ya Idarusi nayo imefika. Baba ameiweka chini ya Msahafu, anasema asiwe na pupa, atamjibu zamu yake ikifika.

Mdogo wako anayecheka,
Nasima